Mzigo uko wapi?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo kila mwenye duka hapa Kikuyu, Dodoma, huliuliza kabla ya kutoa fedha: mzigo uko wapi?

Mzabuni anayepeleka maharage kwenye shule ya serikali hulijibu bila taabu. Maharage hupimwa, mtunza stoo hutia sahihi hati ya kupokelea, naye hurudi nyumbani kungoja malipo. Wako wanaongoja miezi, wengine miaka, huku benki ikidai marejesho. Ushahidi wote anao. Fedha ndizo hana.

Sasa tazama mikataba mikubwa, mzigo unapotoka ng'ambo. Hapo muuzaji hutaka benki iahidi kumlipa mara awasilishapo hati ya shehena, yaani karatasi ya wenye meli inayothibitisha kuwa mzigo umepakiwa. Utaratibu huo ni wa haki. Lakini benki hukagua karatasi, haifungui kasha. Hati yaweza kusema mashine, ndani mkawa na vyuma chakavu. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hudai cheti cha mkaguzi huru kabla meli haijang'oa nanga, na huzuia sehemu ya fedha mpaka mashine iwashwe. Akitoa malipo ya awali, hudai dhamana ya benki.

Majirani zetu wa Kenya walijifunza kwa gharama. Katika kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, serikali ilikuwa imetia sahihi ahadi za malipo zisizongoja mzigo. Mwaka 2014, baada ya kushindwa katika mahakama za ng'ambo, ililipa kiasi cha shilingi bilioni 1.4 za Kenya.

Nasi tunayo yetu. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa ya umeme, TANESCO ilifunga mkataba na Richmond wa kuleta mitambo ya megawati 100. Mitambo ikachelewa, na Desemba mkataba ukahamia kwa Dowans. Februari 2008, hapa hapa Dodoma, Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilieleza kuwa Richmond haikuwa na fedha wala uzoefu wa kazi hiyo. Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akajiuzulu, na mkataba ukavunjwa. Hata hivyo, mwaka 2010 wasuluhishi wa kimataifa waliamuru Dowans ilipwe takriban shilingi bilioni 94.

Hasira ya Bunge haikufuta kilichokwisha kutiwa sahihi. Masharti ya malipo husomwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, si baada ya mitambo kukosekana.

Naomba basi swali liwe moja kwa wote. Aliyeleta mzigo alipwe kwa wakati, hata kama ni gunia moja la maharage. Ambaye hajaleta asubiri, hata kama amevaa suti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari bila mali nalo ni hasara, na mlipaji ni mimi na wewe.

Kwaheri, hadi juma lijalo.