Kuhamisha Mafaili na Programu

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu, na ninyi mnaosikiliza nyumbani, karibuni. Shikeni kalamu. Leo tutazungumza juu ya kuhama kutoka kompyuta ya zamani na kuingia kompyuta mpya.

Siku hizi ofisi nyingi zinahama. Sababu moja ni hii: tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Basi tuseme kikundi chenu cha kuweka na kukopa huko Akheri kimenunua kompyuta mpya. Daftari la akiba za wanachama limo katika ile ya zamani. Mtalihamishaje?

Kwanza tupambanue maneno mawili. Faili ni kitu mlichokiandika au kukiweka wenyewe: barua, picha, hesabu. Programu ni maagizo yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi fulani, kama kuandika barua au kujumlisha hesabu. Mtu akihama nyumba hubeba kitanda na sufuria. Lakini watu wa Mlima Meru wanajua kwamba mfereji wa maji haubebwi. Ukihamia shamba jingine huna budi kuchimba mfereji mwingine, tena kwa ruhusa ya wenye maji. Faili ni sufuria, programu ni mfereji. Ukinakili programu kama unavyonakili barua, mara nyingi haitafanya kazi, kwa sababu ilipowekwa mara ya kwanza ilitawanya vipande vyake mahali pengi ndani ya kompyuta. Yapasa iwekwe upya, na ikiwa ilinunuliwa, huenda ikadai namba ya kibali. Wengi huitafuta namba hiyo wakati kompyuta ya zamani imekwisha uzwa! Iandikeni kabla.

Na faili lisilo na programu yake ni kama sanduku lisilo na ufunguo. Kwa hiyo wekeni kwanza programu ya hesabu katika kompyuta mpya, kisha leteni daftari la akiba kwa flashi au diski ya nje. Nakilini, msihamishe kwa kukata. Umeme ukizimika katikati ya kazi, la zamani libaki salama.

Hapa Arusha tunao mfano mkubwa wa kuhamisha kumbukumbu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu watu wa mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 ilifanya kazi katika jumba la AICC, ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kumbukumbu zake zilirithiwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, ambacho majengo yake ya Lakilaki, nje ya mji, yalifunguliwa Novemba 2016. Humo mna karatasi, kanda za sauti na za picha, na mafaili ya kompyuta. Fikirini: mjane alieleza mara moja mbele ya majaji jinsi watu wake walivyouawa. Kanda ile ikipotea njiani, nani atamwita aeleze tena? Na mashahidi wengi walisema bila majina yao kutajwa hadharani. Kwao, faili likiangukia mikononi mwa mtu mbaya ni hatari kuliko likipotea.

Daftari la Akheri si kesi ya mauaji, lakini fedha za mama muuza ndizi zimo humo. Basi hesabuni mafaili pande zote mbili, yalingane. Fungueni daftari katika kompyuta mpya, mlisome mbele ya wanachama wawili watatu, kila mtu atazame jumla yake. Acheni ile ya zamani ikae mwezi mzima bila kuguswa. (Najua mweka hazina atataka kuiuza kesho yake. Mkatalieni.)

Siku ya kuiuza ikifika, msidhani kubonyeza "futa" kunatosha. Kwa kawaida kompyuta hufuta jina la faili tu, kama mtu anayechana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima. Fundi anaweza kulirudisha. Mwiteni fundi mnayemwamini aifute diski yote kwa programu ya kazi hiyo, au itoeni diski mbaki nayo.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni maneno manne: faili, programu, nakili, futa. Kila mmoja atunge sentensi moja kwa kila neno. Tutaonana juma lijalo. Kwaherini.