Kompyuta Yenye Kuzimika Kwenye Kazi Nzito: Tupime Mbele ya Kuhukumu Prosesa

(Maneno yaliyosomwa kwa jina la komite mbele ya mukutano wa wanachama, Kamina)



Wengi wenu wametuuliza: "Ile kompyuta ya ofisi ilikufa ao haikufa? Na feza za kununua prosesa mupya ziko wapi?" Ni maulizo ya haki. Feza ni za chama, tena zingine zilitoka kwa wafadhili. Leo tunajibu.

Munajua kazi yenye kompyuta hiyo inafanya. Ndani yake muko liste ya wanachama, hesabu ya mufuko wa musaada, na picha za vyeti vya wale wenye walirudia kutoka Zambia ao kutoka vijiji vyenye vilikimbiwa wakati wa vita. Karatasi zinakuliwa na mchwa, zinalowa mvua. Njo maana tulianza kuzipiga picha moja moja, kisha programu inasoma maandishi ili jina la mutu lipatikane kwa dakika moja. Mutoto akiombwa cheti kwenye masomo, ao mujane akiomba musaada wa mazishi, jibu linapaswa kupatikana siku ile ile.

Kwa kuandika barua, mashini ilienda muzuri. Lakini tukiipatia kurasa 300 izisome, kisha dakika 10 hivi, paf! inazimika. Kila mutu aliyepita alisema: "Prosesa imekufa, mununue ingine." Prosesa ni ubongo wa kompyuta, na bei yake si ya kuchezea.

Sisi watu wa Kamina tunakaa fasi reli zinakutana: moja inaenda Lubumbashi, ingine Ilebo, ingine Kabalo mupaka Kalemie. Tunajua kama lokomotive inaweza kutembea muzuri ikiwa peke yake, na kushindwa ikifungiwa mabehewa yaliyojaa. Inaweza kuwa mota. Inaweza pia kuwa mazuti chafu, maji ya kupoza yamepunguka, ao breki zinashika. Uzito unaonyesha kama kuko ugonjwa, lakini hautaji jina lake. Kwa kompyuta ni vile vile. Kazi nzito inapandisha joto, inavuta umeme mwingi, inajaza memori, yote kwa mara moja. Kwa hiyo tulipima kimoja kimoja, na kila jaribio tuliandika ndani ya kaye: tarehe, kitu gani kilibadilishwa, na dakika ngapi mashini ilisimama. Kurasa za kujaribia zilikuwa zile zile 300.

Kwanza, joto. Wakati wa kiangazi hapa kwetu hakuna mvua, na vumbi nyekundu inaingia kila fasi. Tulifungua sanduku, tukakuta vumbi imeziba mabati membamba ya kupoza kama nguo. Prosesa za siku hizi zinajilinda zenyewe: joto likikaribia digri 100 zinapunguza mwendo, na likizidi zinazima mashini yote. Yetu ilikuwa inafika 98. Tulipangusa kwa burashi laini, tukishika feni kwa kidole isizunguke. Tukatoa pasta ya zamani, yenye ilikuwa imekauka kati ya prosesa na bati lake, tukatia mupya, kipimo cha punje ya mbaazi tu. Joto likashuka mupaka 76. Tulifurahi, lakini kisha nusu saa mashini ikazimika tena. Basi joto lilikuwa ugonjwa, lakini halikuwa peke yake.

Pili, memori. Kuko programu ya bure inaitwa MemTest86+. Inawekwa ndani ya flashi, kompyuta inawashwa kupitia hiyo flashi, inapima memori usiku muzima. Kosa hata moja ni mubaya: unatoa kipande kimoja, unapima kingine, mupaka unamupata mwenye makosa. Asubuhi tulikuta makosa 0.

Tatu, mipangilio. Watu wengine wanaongezaka mwendo wa prosesa ao wa memori kupita kipimo cha kiwanda. Tulirudisha yote kwenye hali ya mwanzo. Hakuna kilichobadilika. Hapa tunawaonya: kama fundi anataka kufanya BIOS kuwa mupya, asifanye wakati umeme unacheza. Ukikatika katikati ya kazi ile, kompyuta inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Ine, umeme. Windows inatunza habari ya kila kuzimika. Kwetu iliandika namba 41, maana yake mashini ilizimika bila kufungwa vizuri. Namba ile haisemi sababu. Tulijaribu na betri za sola, tukajaribu na gurupu: fasi zote mbili ilizimika. Basi mashaka yakaenda kwenye kile kisanduku cha ndani chenye kugawa umeme, mafundi wanakiita alimantasio. Prosesa ikipumzika inakula umeme kidogo, lakini kwenye kazi nzito inaweza kupita wati 100. Kisanduku kilichochoka kinabeba ya kwanza, kinaanguka kwa ya pili. Mwanachama mumoja alitukopesha cha kompyuta yake. Kurasa 300 zikapita. Siku ya pili zikapita, siku ya tatu vile vile. Kisha tukarudisha kile cha zamani: ikazimika. Pale njo tukaamini. Tafazali, musifungue kile kisanduku chenyewe. Hata kikichomolewa ukutani, umeme unaweza kubakia ndani na kuumiza mutu.

Hatusemi kama prosesa haigonjwe. Mwaka 2024 kampuni Intel ilikubali kama prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kupita kipimo, na nyingi zilianza kuanguka. Ilitoa programu ya kurekebisha kupitia BIOS, na iliongeza miaka 2 kwenye garanti. Programu ile inazuia ubaya, haiponyeshe prosesa yenye imekwisha kuharibika. Mashini yetu si ya vizazi hivyo. Lakini mwenye kuwa nayo aulize garanti mbele ya kutupa.

Sasa feza. Tulinunua alimantasio mupya na pasta. Yaliyobakia yamerudi kwenye mufuko wa musaada, na mweka hazina atasoma hesabu yote kisha maneno haya, pamoja na fakture. Kaye ya majaribio iko mezani, kila mutu anaweza kuiangalia.

Komite inaomba mambo matatu. La kwanza: kusiwe kununua kipande chochote cha bei kubwa mbele ya kupima joto, memori, mipangilio na umeme, na kuandika. La pili: kila juma liste na hesabu vinakiliwa kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti, kwa sababu mashini ikizimika katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili. La tatu ni kwa wafadhili wetu: mukitutumia kompyuta yenye ilitumika, mutuambie ilikuwa inafanya kazi gani na ilikuwa na ugonjwa gani. Habari hiyo inatusaidia sawa na mashini yenyewe.

Kazi ya kusoma vyeti imeanza tena. Wenye hawajaleta karatasi zao wazilete ofisini Siku ya Posho, hata zile zilizopasuka.