TAKA TAKA NI MALI, LAKINI NI MALI YA NANI?

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa kusema juu ya kazi ya kukusanya vitu vikuukuu na kuvitengeneza upya. Najua wako wanaouliza: jambo hili latuhusu nini sisi watu wa kiwandani? Nitajibu kwa mambo matatu: faida ya nchi, faida ya hewa na maji, na haki ya mtu anayeifanya kazi yenyewe.

Kwanza, faida ya nchi. Kazi hii si ngeni kwetu. Nendeni Kamukunji, Nairobi, mkasikilize nyundo. Pipa la mafuta lililokwisha kazi hukatwa likawa jiko la makaa. Bati huwa sanduku la mtoto wa shule. Tairi la lori huwa akala. Viwanda vyetu vya kuyeyusha chuma navyo hutegemea vyuma vikuukuu pamoja na chuma kinachonunuliwa ng'ambo. Basi kila kilo inayookotwa hapa ni kilo ambayo fedha zetu hazikuvuka bahari kuinunua. Na kilo hiyo hulisha watu wengi: anayeokota, mwenye mkokoteni, anayepima, anayeyeyusha, fundi, na mwuzaji.

Kama yuko mwenye shaka, akumbuke mwaka 1 tu, 2022. Mwezi wa Januari, baada ya watu kuharibu milingoti ya umeme ili wauze vyuma, Rais alipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu. Marufuku hiyo ikadumu mpaka Mei. Wizi ule ulikuwa mbaya, nasi hatuutetei. Lakini aliyelala njaa si mwizi peke yake. Alilala na mwokotaji mwaminifu. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 ilikuwapo tayari, nayo yataka kila mwenye biashara hiyo awe na leseni. Sheria ikifuatwa, mwizi hana pa kuuzia, na mwenye haki hafungiwi kazi.

Pili, faida ya hewa na maji. Kuyeyusha sufuria kuukuu ya aluminiamu hutumia kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zinazotumika kuitoa aluminiamu mpya katika mawe. Nguvu hizo ni umeme, ni mafuta, ni moshi. Chuma nacho kikiyeyushwa tena, hakihitaji makaa ya mawe mengi kama kile kinachotolewa ardhini. Tena kitu kikitengenezwa upya, hakimwagwi jaani. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kumwaga mwaka baada ya mwaka. Wanaovuta moshi wake ni watoto wa wafanya kazi. Matajiri hawajengi huko. Tulipokatazwa mifuko ya plastiki, Agosti 28, 2017, wengi walinung'unika. Leo nani anaililia mifuko ile iliyoziba mitaro na kujaa matumboni mwa ng'ombe?

Tatu, na hili ndilo kubwa, haki ya mfanya kazi. Msidhani kila kazi ya kutengeneza upya ni safi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kilifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha betri za magari tangu 2007 mpaka 2014. Risasi iliingia katika udongo na maji, na ikaingia katika damu ya watu na watoto wao. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, Desemba 2024 Mahakama Kuu Kabisa ikairudisha. Muda huo wote wagonjwa walikuwa wagonjwa, na waliokufa hawakurudi.

Ndugu zangu, hapo ndipo jambo linapotuhusu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kumkinga mtu na vitu vya kudhuru. Sheria ya Taka ya 2022 yawataka watengenezaji wa bidhaa wabebe mzigo wa taka zao, na kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Katiba ya 2010 yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama. Lakini mwokotaji aliye peke yake hana wa kumsemea. Bei hupangwa na mwenye mizani, na mizani ni ya mwenye mizani.

Kwa hiyo kamati inaleta maombi manne. Tutenge taka hapa kiwandani na nyumbani kwetu, ili mwokotaji asitie mkono katika uchafu wa hatari. Chuma na karatasi za kiwanda ziuzwe kwa vikundi vya waokotaji wenye leseni. Tuwasaidie hao kuunda chama cha ushirika chenye mizani yake wenyewe. Na wale walioajiriwa katika viwanda vya kuyeyusha waandikishwe katika chama cha wafanya kazi, wapate glavu, viatu, na kupimwa damu.

Mali ipo. Tukisimama pamoja, aiokotaye naye ataila. Umoja ni nguvu.