Tanuri la Piza Linapogoma



Mnunuzi mgeni wa tanuri la piza la nje litumialo peleti, yaani vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, huweza kudhani ameuziwa bidhaa mbovu pindi moshi unapotanda na piza kuungua juu ilhali chini ni mbichi. Kabla ya kulirudisha dukani, tunawashauri mkague mambo matatu.

Kwanza, peleti. Zikipata unyevu huvimba na kumomonyoka. Peleti njema ni kavu na ngumu. Zihifadhini katika chombo chenye mfuniko.

Pili, hewa. Majivu yakiziba wavu, moto hufifia na moshi huzidi. Yaondoeni tanuri likiwa limepoa. Moto ukishawaka, ongezeni peleti kidogo kidogo. Kuzijaza kwa pupa huukaba moto.

Tatu, jiwe la kuokea. Hewa ya ndani hupata joto upesi kuliko jiwe. Subirini dakika 20 hivi, hata jiwe likaribie nyuzi 400 za Selsiasi.

Lipo kosa moja lisilosahihishika: kuliingiza tanuri linalowaka ndani ya nyumba au gereji mvua inyeshapo. Moto huo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Wala msiuchochee kwa petroli au mafuta ya taa.

Mkishayatimiza hayo na kasoro ikabaki, lirudisheni tanuri dukani pamoja na risiti.