Dawa Haikatwi kwa Siku Moja

Maneno ya mmoja wetu kwenye mkutano wa waliosoma shule hii, Tabata



Ndugu Katibu aliniomba nizungumzie maisha baada ya kustaafu. Nimemwomba radhi, nitazungumzia vidonge. Wengi wenu mliniona mwaka juzi nikiwa na uso wa mviringo kama sahani, mkanipongeza kwamba pensheni imenikubali. Haikuwa pensheni.

Mimi nina baridi yabisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu wa ndani, hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Mimi ulinianza vidoleni. Asubuhi nilishindwa kufunga vifungo vya shati, mama watoto akanifunga kama mtoto wa chekechea. Daktari alinipa methotreksati, dawa ya kumeza mara moja tu kwa wiki, akaeleza kwamba itachukua wiki nyingi kabla ya kuonyesha kazi yake. Ili kunivusha kipindi hicho akaniongezea prednisoloni, vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi, akasema nirudi baada ya mwezi mmoja aanze kuvipunguza.

Baada ya siku chache vidole vilikunjuka. Sikuwa wa kwanza kushangaa. Mwaka 1948, huko Minnesota, Marekani, Dk. Philip Hench alimdunga dawa ya ukoo huu mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na katika siku chache akainuka na kutembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini punde ikajulikana kwamba dawa inatuliza moto bila kuung'oa ugonjwa, na ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu inadai malipo yake: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari na shinikizo la damu kupanda.

Sasa nikiri kosa langu. Kliniki sikurudi. Niliona nimepona, nikawa nanunua vidonge mwenyewe kwa miezi saba. Kisha jirani mmoja akanitisha kwamba dawa ile inakula mifupa. Hakusema uongo. Mimi, kwa ushujaa wa kijinga, siku hiyo hiyo nikavifungia kabatini, nikaona nimejikomboa.

Siku ya tatu nilichoka kama niliyebeba magunia. Siku ya nne nikatapika. Siku ya tano, nikisubiri daladala pale Tabata Relini, niliinuka kwenye benchi, dunia ikazunguka, nikaanguka. Hospitalini wakadhani malaria. Kipimo kikasema hapana. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka mno. Daktari kijana akamwuliza mke wangu, "Mama, mzee anatumia dawa gani?" Akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti. Daktari alipoisoma tu, akaagiza sindano ya haidrokotisoni na maji ya chumvi kwenye mshipa. Jioni niliomba uji. Bila swali lile, leo mngekuwa mmesimama dakika moja kunikumbuka.

Nilipopata nguvu alinieleza, nami nitawaeleza kwa mfano wa jiko letu la shule. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kotisoli, kitu kinachouwezesha mwili kustahimili ugonjwa na misukosuko. Ukimeza prednisoloni kwa wiki nyingi, ni kama mtu wa nje analeta ugali uliopikwa kila siku. Mpishi atafanya nini? Atazima moto alale. Siku yule wa nje asipokuja ghafla, kuni zimelowa, sufuria ni baridi, na wanafunzi mia tano wanagonga sahani. Mpishi lazima aamshwe polepole.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa usimamizi. Kutoka vidonge vinne hadi vitatu, kisha viwili. Kuanzia hapo tulipunguza nusu kidonge, na kila hatua tukangoja wiki kadhaa. Nilipofika kimoja na nusu vidole vikavimba tena. Daktari akanirudisha viwili kwa mwezi mzima, akaongeza methotreksati. Niliona aibu. Akaniambia, "Mzee, kurudia darasa si kufukuzwa shule." Leo niko nusu kidonge. Huenda nitamaliza, huenda nitabaki hapo. Sitaamua peke yangu. Hesabu hii ni yangu, msiinakili kama majibu ya mtihani.

Vijana, mna wenzenu wenye pumu, na majumbani mna wazazi wenye maradhi ya viungo, figo au ngozi wanaotumia dawa hizi. Msiwacheke nyuso zao. Msiazime vidonge vyao ili mnenepe. Na mgonjwa akitapika asiweze kumeza dawa, hiyo si habari ya kungoja kesho. Apelekwe hospitali, na pakiti ya dawa iende naye.

Mfukoni mwangu nina karatasi hii. Imeandikwa jina langu, dawa ninayotumia, kipimo chake, na maneno haya: "Asikatishiwe ghafla." Naionyesha kwa kila daktari, hata wa meno. Mwenzangu unayetumia dawa hizi, andika yako usiku wa leo, na umwonyeshe mama watoto mahali inapokaa.