Ugali Pekee Haumtoshi Kaa wa Ganda

Nakala ya mazungumzo kwa wazazi, walimu na vijana wa vijiji vya ufuoni, Kaunti ya Kilifi



Shule zikifungwa, watoto wa Watamu, Mayungu, Ngomeni na kwingineko ufuoni hurudi nyumbani na mkebe wenye mchanga kidogo. Ndani yake mna yule kaa mdogo anayetembea amebeba ganda la konokono mgongoni. Mtoto humtupia kipande cha ugali au mkate. Siku mbili tatu kaa huonekana mchangamfu. Kisha hujikunyata ndani ya ganda lake, na baada ya majuma machache hutupwa jaani. Mtoto huambiwa kwamba kaa hawa hawaishi sana.

Maneno hayo si ya kweli. Kaa wa ganda anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Anayekufa baada ya mwezi mmoja ameponzwa na lishe duni, maji mabaya au hewa kavu. Mazungumzo ya leo ni ya lishe, kwa sababu hilo ndilo watu hawalioni: kaa anaweza kudhoofika kwa utapiamlo huku chakula kikiwa mbele yake.

Ufuo ndio sahani yake

Kaa wa ganda hula karibu kila kitu, lakini hali kitu kimoja kila siku. Usiku anapotoka mafichoni hupitia majani makavu ya mkungu, matunda yaliyoanguka, mbao zinazooza, mwani uliotupwa na maji, samaki aliyekufa, hata kinyesi cha wanyama. Hapa mwani, pale nyama, kule jani. Ndiyo maana ufuo wenye kaa wengi hausumbuliwi sana na mizoga midogo. Kaa ni mmoja wa wafagiaji wake.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1996 mwanabiolojia Robert Thacker alichapisha utafiti kuhusu kaa wa ganda wa pwani ya Pasifiki huko Amerika ya Kati. Kaa waliokuwa wamekula chakula cha aina moja kwa saa kadhaa, walipowekewa tena chakula hicho pamoja na vingine, walielekea kwenye vile ambavyo hawakuwa wamevila karibuni. Hata kaa, basi, hutafuta kubadilisha mlo. Akifungiwa ndani ya beseni, uwezo huo humtoka. Anakula alichopewa, ama anakaa bila kula.

Kinachomfaa

Kwa mtu anayemtunza kaa kihalali, kama vile mwalimu mwenye kibali cha kuwafundishia wanafunzi, chakula kizuri hakihitaji fedha nyingi. Vingi vimo jikoni na sokoni.

Matunda na mboga: nazi mbichi, papai, embe, ndizi, tikiti maji, karoti, boga, sukuma wiki, majani ya mronge. Vyote vioshwe vizuri na vikatwe vipande vidogo. Matunda matamu yawe kidogo.

Vyakula vya kujenga mwili: kipande cha samaki kisichotiwa chochote, kamba pamoja na maganda yake, au dagaa waliolowekwa na kuoshwa hadi chumvi iishe.

Madini ya chokaa, yaani kalsiamu: maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, au ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni. Kaa anayahitaji madini haya ili gamba lake liwe gumu. Anapokua hujichimbia kwenye mchanga wenye unyevu na kujivua gamba la zamani, kisha hulila ili kurudisha madini hayo mwilini. Watu wengi wakimkosa juu ya mchanga hudhani amekufa, wakamfukua. Wengine hulitupa gamba alilovua, kumbe wanamnyang'anya chakula anachokihitaji kuliko vyote kwa wakati huo. Aachwe, hata kama atakaa chini kwa majuma.

Vyakula vya ufuoni: mwani, majani makavu na vipande vya mbao zilizooza ambazo hazikupakwa rangi wala dawa.

Kila jioni awekewe aina tatu au nne, kidogo kidogo, na kesho yake zibadilishwe. Kwa kuwa kaa hula usiku, mabaki yaondolewe asubuhi kabla ya kuoza na kuvuta nzi. Chombo kiwe cha udongo au kombe, si shaba, kwa maana madini ya shaba ni sumu kwa kaa.

Maji yawe ya aina mbili katika vyombo viwili: maji baridi na maji ya bahari. Anayatumia yote, kwa kunywa na kwa kulowesha matamvua anayopumulia. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yanayaumiza matamvua hayo, kwa hiyo maji ya mvua ni bora.

Kinachomdhuru

Mabaki ya mezani si chakula chake. Pilau, chipsi, biskuti na mchuzi vina mafuta, sukari, vitunguu na chumvi ya mezani. Ugali na mkate humjaza tumbo tu.

Hatari kubwa zaidi ni dawa za wadudu. Kaa na wadudu ni jamaa, na sumu inayomuua mende humuua kaa pia. Mboga iliyopulizwa dawa shambani, au dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani alimo kaa, inaweza kumuua hata akilishwa vizuri namna gani.

Rangi pia ni tatizo. Maganda yaliyopakwa rangi ili yapendeze huambuka, na kaa huvila vipande hivyo.

Kabla ya kumchukua

Wazazi na walimu wajue jambo moja zaidi. Kaa wa ganda huishi nchi kavu, lakini jike hutoa mayai yake baharini, na watoto wao huanza maisha wakielea majini. Kwa sababu hiyo ni vigumu mno kuwazalisha nyumbani. Karibu kila kaa aliye ndani ya beseni, awe Kilifi au katika duka la wanyama huko Marekani, alitolewa ufuoni, na ufuo umepungukiwa naye.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haihusu ndovu na simba peke yao. Anayetaka kumfuga mnyama wa porini aanze na ofisi ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, si ufuoni na mkebe. Ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu mwaka 1968, kuchukua kaa au hata ganda tupu ni kosa. Ganda tupu ni nyumba ya kaa wa kesho. Anapokua huhitaji ganda kubwa zaidi, na akilikosa hubaki amebanwa.

Kwa familia ambayo tayari ina kaa kwenye mkebe, ushauri ni huu. Arudishwe pale pale alipookotwa, jua likishazama, karibu na majani na vivuli vya ufuoni na si ndani ya maji, kwa sababu akizamishwa muda mrefu hufa. Mtoto asikemewe. Aende yeye mwenyewe kumrudisha, kisha usiku mwingine apelekwe na tochi pamoja na mzazi wake, awaone wakila. Atajifunza mengi zaidi kwa saa moja pale kuliko kwa mwezi mzima mbele ya beseni.