Kumbe na Huku Kuna Migomba

*Haya ni mazungumzo ya msanii kijana kutoka Oman, aliyoyatoa katika mkutano wa familia zetu hapa Preston. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.*

 

Kwanza naomba radhi kwa Kiswahili changu. Ni cha Unguja kilichokulia Oman, na wengi wenu mnasema cha Kongo. Juzi mtoto mmoja aliniomba "kreyo", nikamletea rangi za nta. Akanirudishia. Kumbe alitaka penseli! Basi nikisema neno lisiloeleweka, nyoosheni mkono.

Mimi nimezaliwa Birkat al Mauz, kijiji kilicho karibu na Nizwa, chini ya mlima wa Jabal Akhdar. Mauz kwa Kiarabu ni ndizi. Ukifika, unaona mlima mkavu wa mawe, halafu chini yake ghafla kuna kijani: mitende, na katikati ya mitende, migomba. Maji yanatoka kwenye mfereji wa zamani, falaj kama tunavyouita. Wetu ni Falaj al-Khatmeen. Mwaka 2006 UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia pamoja na mifereji mingine minne ya Oman.

Bibi yangu hakuzaliwa huko. Alizaliwa Unguja, na baba yake mzazi alikuwa mtu wa Oman. Alikwenda Oman miaka ya sabini, wakati Waomani wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakirudi. Watu wakisema "wamerudi", lakini yeye alikuwa harudi popote. Alikuwa anafika kwa mara ya kwanza. Kiarabu hakijui, jirani hamjui, na wanawake kisimani wakimcheka akifungua mdomo. Alituambia alilia kwa siku nyingi. Halafu asubuhi moja akafuata maji ya mfereji kwa miguu mpaka shambani, akaona migomba. Akasimama, akasema peke yake kwa sauti: "Kumbe na huku kuna migomba." Siku hiyo akapika kwa mara ya kwanza tangu afike.

Sasa niwaeleze mambo ya kuchora, na mtaona kwa nini nimeanza na bibi.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilitaka kuwa msanii wa kweli. Kwa akili yangu, msanii wa kweli ni mwenye rangi za mafuta na kanvasi. Baba akaninunulia Maskati, kwa bei iliyomuuma. Nikachora milima ya theluji niliyoiona kwenye simu. Bibi akaitazama sana ile picha, akaniuliza: "Hapa ni wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Rangi zikaisha, na sikuthubutu kuomba nyingine. Baada ya Idi nikaokota mkaa uliobaki tulipochoma mishkaki, nikaanza kuchora nyuma ya maboksi. Kijijini kwetu kuna mtaa wa zamani wa nyumba za udongo. Watu walishahama, wamejenga nyumba mpya, na zile zimebaki magofu. Adhuhuri jua likiwa kali, upande mmoja wa ukuta unang'aa na upande wa pili ni kivuli cheusi tititi. Mkaa unaliweza hilo kuliko rangi yoyote niliyokuwa nayo. Nilipitia mtaa ule kila siku kwenda skuli na sikuwahi kuuona. Niliuona nilipokaa kuuchora.

Lakini mkaa haukuweza maji. Mfereji wetu unapita kwenye ngome ya Bait al Rudaidah, kisha maji yanagawanywa sawasawa katika njia tatu. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamani zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Maji yanayokwenda kwa saa huwezi kuyashika kwa mkaa. Nikachukua simu ya kaka yangu, nikapiga video pahala pamoja tu, alfajiri, adhuhuri na magharibi. Maji ni yaleyale, ila mwanga unabadilika na sauti za watu zinabadilika.

Halafu nikataka kutumia udongo wenyewe wa zile nyumba. Nikaukoroga, nikaupaka kwenye ubao, nikafurahi. Siku mbili baadaye ukapasuka wote ukaanguka. Mzee mmoja jirani alicheka sana. Akaniambia: "Umejenga bila nyasi." Kumbe matofali ya kwetu huchanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa, ndizo zinazoushika udongo ukikauka. Nikarudia kwa nyasi, na ubao ule mpaka leo uko sebuleni kwetu.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kuja kusoma hapa ilikuwa kanga. Kina mama mnajua, kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina lake, yale maandishi. Nilitandika shuka jeupe. Kwenye pindo nikachora maji ya mfereji yanazunguka. Kwenye mji nikachora mkungu wa ndizi. Na jina nikaandika maneno ya bibi: KUMBE NA HUKU KUNA MIGOMBA. Nilipompa, hakusema kitu. Alijifunga, akaenda nayo kwa jirani.

Nimesema haya yote ili nifike hapa. Watu huniuliza: wewe ni mchoraji, mpiga picha au fundi udongo? Mimi naanza na kitu kilichoko mbele yangu, halafu natafuta kifaa kinachokiweza. Na vifaa vingi vilikuwa ndani ya nyumba yetu tayari.

Wala sikuanza mimi. Nyinyi mliotoka Kongo, kwenu Lubumbashi alikuwako mchoraji akiitwa Tshibumba Kanda Matulu. Miaka ya sabini alichora historia ya Kongo, picha zaidi ya mia moja, juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Akazieleza kwa Kiswahili cha huko kwenu, na mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, akayarekodi maelezo yake. Picha zile na maneno yake vilitoka katika kitabu mwaka 1996. Kwa hiyo gunia la unga na Kiswahili cha Lubumbashi vimo leo katika maktaba za vyuo vikuu.

Na hapahapa Preston anaishi Lubaina Himid. Alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake akafariki yeye akiwa mchanga, mama yake akamleta Uingereza. Mwaka 2007 alichukua sahani, majagi na mabakuli 100 ya kawaida, mengi yametumika, akachora juu yake watu wa mji wa Lancaster: mabwana, na Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi wao, maana Lancaster ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Amefanya pia kazi kwa mfano wa kanga, pamoja na maneno yake. Mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Sahani za kulia chakula, jamani!

Sasa kina baba na kina mama. Najua mna mengi: barua, nyumba, kazi, Kiingereza. Mtoto akikaa anachora mnaona anapoteza muda. Nawaomba mambo machache.

Msinunue kitu. Nyuma ya boksi la unga au bahasha panatosha, na kalamu moja.

Mtoto akikuonyesha picha, usimuulize "Mbona mkono huu mrefu?" Mwambie: "Nihadithie." Atakuhadithia kwa Kiswahili, na hapo lugha haimtoki. Nyuma ya picha andika tarehe na maneno aliyoyasema.

Akichora mambo mabaya mliyoyapita, moto, bunduki, usichane wala usimkemee. Kaa naye. Tshibumba naye alichora vita na mauaji, kwa sababu yalikuwa sehemu ya habari. Bibi yangu alikuwa na mambo ya Unguja ambayo hakuwahi kuyasimulia, na nilimwona yalivyomkaa. Mtoto asipolala usiku au akinyamaza siku nyingi, waambieni wafanyakazi wa hapa. Hilo si la kuonea haya.

Na siku moja muwapeleke Harris, jumba la makumbusho na maktaba katikati ya mji. Kuingia ni bure. Hamhitaji Kiingereza kutazama picha.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi siku mbili zimeshapita. Basi jembe langu kwenu ni hili. Wiki hii kila mtoto, na kila mzazi anayeweza, atafute kitu kimoja kilichoko hapa ambacho na kwenu kilikuwako. Kiwe mvua, kiwe kunguru, kiwe nguo zilizoanikwa, kiwe mama aliyebeba mtoto. Kichoreni kwa chochote mlicho nacho, mkilete mkutano ujao, tukitundike ukuta huu.

Bibi yangu alipata migomba. Nataka kuona nyinyi mmepata nini.